Tangi limekuwa kijani: ninunue samaki gani wa kulisafisha?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina tangi la kioo sebuleni, Tabata, urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Lina miezi minne. Ndani kuna gapi kama kumi na wawili, enjeli wawili, na goldfish wawili wadogo ambao watoto waliwang'ang'ania dukani. Maji ni ya kisima. Vioo vimeota kijani, na kingo za majani ya mimea zina vinyweleo vyeusi ambavyo havitoki hata nikisugua. Muuzaji ameniambia nichukue pleko, au yule wa njano anayenyonya kioo, na kwamba nikishamweka nitasahau kuosha tangi. Mume wangu anasema tutie perege, kwani si anakula majani? Nichague yupi?

JIBU: Marahaba, dada. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa tangi lako ningechukua pleko wa ndevu mmoja na moli watatu au wanne, baada ya goldfish kuhamishwa. Yule wa njano mwache hukohuko dukani. Perege abaki kwenye sufuria. Na vile vinyweleo vyeusi, kati ya hao wote hakuna atakayevigusa, kwa hiyo tutavitafutia njia nyingine.

Hiyo ahadi ya kusahau kuosha tangi iweke pembeni, maana ndiyo inayowapa watu samaki wasiowafaa. Samaki anayekula mwani, yaani hicho kijani chako, hauondoi kwenye tangi, anaugeuza kinyesi. Kinyesi kikioza kinatoa amonia, bakteria wanaoishi kwenye filta wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na naitreti ni mbolea tupu, mwani unaota upya. Uchafu unatoka tangini kwa njia moja tu, kwa ndoo, pale unapochota maji ya zamani na kutia mapya. Na pleko, niseme wazi, ananya kuliko samaki yeyote wa ukubwa wake unayeweza kumfuga. Utaona nyuzi ndefu za kahawia juu ya changarawe kila asubuhi. Atakachokusaidia ni utando laini wa kijani kwenye vioo, mawe na majani mapana, na pale wewe mkono haufiki. Hiyo ni kazi kubwa, lakini ni hiyo tu.

Sasa tuutazame mwani wenyewe, kwa sababu duka lolote litakuuzia "samaki wa mwani" bila kukuuliza ni mwani upi. Tangi jipya la wiki chache huwa na vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole. Hilo huondoka lenyewe tangi likikomaa, na wewe umeshalipita. Utando laini wa kijani kwenye kioo ndio ulio nao, na ndio chakula halisi cha pleko na moli. Kuna vidoa vya kijani vigumu, vidogo kama vichwa vya pini, vilivyoganda kwenye kioo. Hivyo samaki wengi hawaviwezi, vikwangue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Ukiona maji yenyewe yamekuwa kijani kama supu ya mchicha, hapo mwani unaelea, wala hakuna samaki wa kunyonya kioo atakayeusafisha. Halafu kuna ule utelezi wa kijani cha bluu unaobanduka kama ngozi na kunuka vibaya. Huo ni bakteria, na samaki wanaukwepa kabisa.

Vinyweleo vyako vyeusi ni jambo jingine. Pamoja na weusi wake, mwani ule ni wa kundi la mwani mwekundu: kata jani lenye vinyweleo, litumbukize kwenye spiriti, na baada ya muda vinyweleo vitaanza kuwa vyekundu. Umejishika kwa nguvu sana, ndiyo maana kusugua hakusaidii. Samaki mmoja tu amejijengea jina kwa kuula, yule mla-mwani wa Siam, ambaye kitaalamu ni wa jenasi ya Crossocheilus. Tatizo la kwanza, anafika sentimita 15, anaogelea siku nzima kwa kasi, na anaruka nje ya tangi lisilo na kifuniko; lako ni fupi kwake. Tatizo la pili, akiwa mdogo anaula kwa bidii, akishakua na kuzoea chakula cha kopo anakuwa mvivu kama wengine. Tatizo la tatu ndilo linalowatia watu hasara: dukani anachanganywa na wanaofanana naye.

Ukija kumhitaji siku moja kwa tangi kubwa zaidi, mtazame hivi. Mstari mweusi wa ubavuni unaanzia puani, unapita jichoni, unaendelea mpaka ncha ya mkia bila kukatika, na kingo zake si nyoofu, zina mikatokato kama ya msumeno. Mapezi yake yote ni maangavu, hayana rangi. Yule anayefanana naye lakini ana mstari wa dhahabu unaong'aa juu ya ule mweusi, na mapezi yenye mpaka mweusi na mweupe, ni samaki mwingine, mgomvi, na mwani mweusi hana habari nao. Yule ambaye mstari wake unafifia unapofika mkiani ni samaki wa tatu, aitwaye Garra. Si mbaya, anakula utando wa kijani, lakini vinyweleo atavipita tu.

Kwa hiyo vinyweleo vya kwako viondoe kwa mkono. Majani yaliyoathirika sana yakate kwenye shina, mmea utatoa mengine. Mawe na mabomba ya filta yatoe nje ya tangi, yadondoshee haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi, subiri dakika tano, suuza kwa maji mengi, rudisha. Usiimwage ndani ya tangi ukiwa bado mgeni wa mambo haya. Mwani ukifa utageuka pinki au kijivu, na hapo gapi na moli wataumalizia wenyewe.

Turudi kwa pleko. Jina hilo moja linauzia samaki wawili tofauti, na tofauti yao ni miaka yako kumi ijayo. Pleko wa kawaida anauzwa akiwa na sentimita 5 hadi 7, mzuri, mpole, ametulia kwenye kioo. Akitunzwa vizuri anapita sentimita 30, na wengine wanakaribia 50. Tangi lako lina sentimita 80 kwa 35: huyo akishakua hawezi hata kugeuka bila kung'oa mimea. Na kadiri anavyokua ndivyo anavyopunguza kula mwani. Mwisho watu wanachoka, wanamchukua kwenye ndoo usiku na kumwaga mtoni. Ufilipino walimwita samaki mhudumu wa usafi. Leo amejaa kwenye mto Marikina na ziwa Laguna de Bay, anachimba mashimo ya kutagia kwenye kingo mpaka zinamomonyoka. Mexico, katika bwawa la Infiernillo, wavuvi wa tilapia walianza kuvuta nyavu zilizojaa pleko badala ya samaki wa kuuza. Afrika Kusini tayari yuko kwenye mito ya KwaZulu-Natal. Mto wetu Msimbazi una shida zake za kutosha.

Pleko wa ndevu, Ancistrus, anaishia sentimita 12 hivi. Anakula utando wa kijani maisha yake yote, hata akiwa mzee, na anavumilia maji magumu, yaani yenye madini mengi kama chokaa, kuliko ndugu zake wengi. Dume huota ndevu zenye nyama usoni kuanzia akifika sentimita 5 au 6. Sura ya kutisha, tabia ya kondoo, ila madume mawili kwenye tangi moja watapigania pango. Chukua mmoja.

Utamtambuaje akiwa mdogo, kabla ya ndevu? Subiri apanue pezi la mgongoni, kisha hesabu mifupa myembamba inayoshikilia ule utando, ukiacha ule mwiba mnene wa mbele. Ancistrus ana 7. Pleko mkubwa anayeuzwa sana madukani siku hizi, wa jenasi ya Pterygoplichthys, ana 9 au zaidi, kwa kawaida 10 na kuendelea, na pezi lake likisimama linafanana na tanga la dau. Piga picha kwa simu, ikuze, hesabu taratibu. Muuzaji akikuharakisha, rudi siku nyingine. Halafu mwangalie akiwa amejibandika kwenye kioo, upande wa tumbo. Tumbo liwe limejaa au angalau tambarare. Likiwa limeingia ndani kama kijiko, na macho yamezama, huyo ameshinda njaa tangu safarini, na wengi wa namna hiyo hawaponi hata ukiwapa chakula chote cha dunia. Muulize muuzaji amekaa naye kwa muda gani. Chini ya wiki moja, mwache.

Yule wa njano anayenyonya kioo, ambaye wauzaji wengi wanamwita saka, ni Gyrinocheilus aymonieri, samaki wa Thailand na nchi za bonde la Mekong. Ni kiumbe wa ajabu kweli: ana tundu la ziada juu ya shavu la kuingizia maji, kwa hiyo anaweza kupumua huku mdomo umebana kwenye jiwe. Akiwa mdogo anasafisha kioo vizuri, ndiyo maana anauzika. Lakini anapita sentimita 20, na anapokua ladha yake inabadilika. Anagundua kwamba ute wa ngozi ya samaki wengine una lishe kuliko mwani. Anawabandika wale wenye mwili mpana na mwendo wa polepole, yaani enjeli wako na goldfish wako, na kuwaachia madonda ya mviringo ubavuni. Ukiwahi kuona enjeli mwenye alama za namna hiyo, usimwage dawa kwanza, tafuta nani kwenye tangi ana mdomo wa kunyonya.

Kuna wawili wengine utakaoshauriwa na watu wenye nia njema. Oto, samaki mdogo wa sentimita 4 kutoka Amerika ya Kusini, ni hodari wa utando na hana ubaya na mtu. Ila anataka kundi la sita au zaidi, tangi lililokomaa, na maji yasiyopanda sana joto. Maji ya sebule ya Dar mwezi wa pili yanafika nyuzi 30, na yeye anapenda 22 hadi 26. Ukihamia Arusha au Njombe tutamzungumza upya. Kamba wa Amano, waliopata umaarufu kupitia Takashi Amano, Mjapani aliyepamba matangi kwa mimea, ni wazuri mno kwa mwani wa nyuzinyuzi. Kwako watakuwa chakula cha jioni cha enjeli.

Konokono wa nerita ningekuongezea wawili kama utawapata. Wanapenda maji magumu kama ya kisima chako, kwani maji laini hula magamba yao, na wanaviweza hata vile vidoa vigumu vya kijani. Kuna nerita wa milia, Neritina natalensis, ambaye kwao ni mikoko na midomo ya mito ya pwani yetu mpaka Afrika Kusini, na Ulaya anauzwa kama pambo. Usiende kuwaokota Kunduchi, tafadhali. Waliozoea maji chumvi hawahamishwi kwa siku moja. Watataga vidonge vyeupe kila mahali, vinakera macho, lakini kwenye maji yasiyo na chumvi haviangui.

Moli ndiye samaki ninayeona anadharauliwa bure. Yupo kila duka, bei yake ya chini, na midomo yake haitulii: anadonoa utando kwenye majani, nyuzi za kijani, hata ile ngozi ya mafuta juu ya maji. Maji magumu yenye uchumvi kidogo, ambayo yanawasumbua samaki wengi wa Amerika ya Kusini, kwake ni nyumbani. Chukua jike watatu na dume mmoja, la sivyo madume yatawasumbua majike mpaka wadhoofu. Watazaa sana, enjeli watapunguza vitoto, na hiyo ni sheria ya tangi lenye enjeli. Enjeli hao wakishakua vizuri watajaribu kumeza hata gapi madume, ujiandae.

Kuhusu perege, shemeji ana hoja, kwani jamii ya perege na sato kweli wanakula mwani na mimea. Ila wanakula na mimea uliyoinunua, wanachimba changarawe kutengeneza viota, wanafukuza kila kinachoogelea, na wanakua wakubwa wa kuliwa. Kwenye simtangi la uani ni samaki mzuri sana.

Na kama kinachomvutia shemeji ni samaki wa kwetu, mwambie wala mwani mahiri kabisa wanaofugwa duniani wanatoka huku. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wanaoishi kwenye miamba ya Kigoma na mwambao mzima, wanashinda wakikwangua mwani wa mawe kwa midomo iliyoelekea chini, na wana utumbo mrefu uliojikunja kwa ajili hiyo. Vitoto vya Tropheus duboisi ni vyeusi vyenye madoa meupe, ukiwaona utadhani mtu amewachora. Ziwa Nyasa wapo mbuna, wenye kazi hiyohiyo. Lakini hao hawachanganywi na gapi. Ni wakali, wanataka tangi lao peke yao, mawe mengi, maji yenye pH ya juu, yaani yaliyo mbali na uchachu (Tanganyika ni karibu 9), na chakula cha mboga. Ukiwapa chakula cha nyama nyama wanavimba tumbo na kufa. Mwenye tangi la Tropheus anakwangua kioo cha mbele tu, vile vingine anawaachia makusudi. Uliza tena siku ukiwa na tangi la mita moja na nusu.

Goldfish wako wahamishe, hata kabla ya kununua chochote. Wanakua kupita sentimita 20, wanachafua maji kuliko wengine wote uliowataja, na maji ya joto la Dar yana oksijeni kidogo wakati wao ni samaki wa maji ya baridi. Tangi lako kwa vipimo ni lita 112, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu una kama lita 95 za maji. Kwa gapi kumi na wawili na enjeli wawili limeshakaribia kujaa. Sehemu kubwa ya hicho kijani, naamini, imelishwa na hao goldfish.

Sehemu nyingine inatoka kisimani. Visima vifupi vya mijini, karibu na vyoo vya shimo, mara nyingi vina naitreti. Maana yake kila ukibadilisha maji unatia mbolea. Nunua vipimo vya karatasi, pima maji ya bomba la kisima kabla hayajaingia tangini, kisha pima ya tangini. Kama ya kisima peke yake yanaonyesha miligramu 40 kwa lita au zaidi, hakuna samaki atakayekushindia vita hiyo. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, yale yanayokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya DAWASA yaliyolala kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke.

Taa isizidi saa 7 kwa siku. Soketi yenye saa ya kujizima inalipa gharama yake haraka, maana taa ya tangi la sebuleni huwaka mpaka familia inapokwenda kulala. Kama jua la dirishani linaligusa tangi asubuhi au jioni, weka pazia. Chakula, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Badilisha robo ya maji kila wiki huku ukinyonya changarawe kwa mpira, na sifongo ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi, usiioshe bombani. Fanya hivi wiki tatu, kisha ndipo ununue pleko. Ukimwingiza leo utamfanyisha kazi ambayo ni ya taa na ndoo.

Akifika, atamaliza utando wa vioo vyote ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapomuua kwa njaa wakidhani mwani bado unamlisha. Mpe kipande cha tango, zukini au boga lililochemshwa kidogo, ukichome kwenye uma wa chuma kizame. Mtilie jioni taa ikishazimwa, kwa sababu yeye ni wa usiku na enjeli wakiwa macho watamnyang'anya. Asubuhi toa mabaki. Mtafutie kigogo cha kukwangua, maana nyuzi za mti ni sehemu ya mlo wake: mpera mkavu usio na gome wala utomvu, uchemshe mpaka uzame. Majani makavu ya mkungu yaliyoanguka yenyewe pia yanamfaa, osha vizuri, mawili yanatosha tangi lako. Maji yatapata rangi ya chai kidogo. Haidhuru samaki, na inapunguza mwanga unaofikia mwani.

Baada ya wiki sita, kama vinyweleo vyeusi vimerudi, niandikie tena. Nitumie picha ya jani moja kwa karibu, namba za vipimo vya kisima na vya tangi, na uniambie maji ya filta yanatokea upande gani, kwa sababu mwani ule hupenda kushika pale mkondo unapopiga.